Kabla ya rangi, uliza maji

Wewe unayeanza kufuga samaki wa mapambo hapa Kisumu, kabla ya kuuliza bei uliza samaki huyo katoka maji gani. Neon tetra ni wa mito ya Amazon, maji laini (yenye madini machache) na asidi kidogo. Mbuna wa Ziwa Malawi hutaka maji magumu (yenye madini mengi), pH, yaani kipimo cha asidi, 8 hivi. Ukiwachanganya, mmoja lazima ataumia. Wale wa matumbawe ya Watamu waache kwanza: wanahitaji gramu 35 hivi za chumvi ya bahari kwa kila lita, na chumvi ya jikoni haifai.

Mimi ningependa uanze kwa kuwajua fulu wetu, samaki wadogo wa asili wa Ziwa Victoria. Wengi hutazama ndoo ya mvuvi pale Dunga, wakaona visamaki vya kijivu, wakapita. Fulu dume huvaa rangi akishapata eneo lake: nyekundu, njano au buluu, kulingana na aina. Akitishwa au akishindwa na mwenzake, hupauka ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo samaki akififia tangini usikimbilie dawa. Pima maji, halafu kaa utazame nani anamfukuza. Tazama pia pezi la chini la fulu dume, karibu na mkia: lina madoa ya machungwa kama mayai. Jike hutaga na kuyaokota mayai kwa mdomo, kisha huyadonoa madoa yale, na hapo dume humwaga mbegu. Ukiona jike koo limevimba na hagusi chakula, usimsumbue. Analea mdomoni, wiki mbili hadi tatu.

Mwanga nao ni muhimu. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba ziwa likijaa tope, majike hushindwa kutofautisha madume mekundu na ya buluu, na aina mbili huishia kuzaliana.

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi klorini itoke. Chujio nalo lipe wiki nne hadi sita, ukidondosha chakula kidogo, bakteria wanaosafisha maji wajijenge ndipo ulete samaki.

Na tafadhali, samaki wa kigeni usimmwage ziwani. Mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula wenzake, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 fulu wa aina nyingi hawakuonekana tena. Ziwa Kanyaboli kule Siaya, lililozingirwa na mafunjo, bado lina fulu na ngege (aina ya perege) wa asili kwa sababu mbuta hakufika. Uliyemchoka mpe mfugaji mwenzako.