Re: Jumuiya imebaki na watu watatu, tufanyeje?
Tumsifu Yesu Kristo mkuu. Umesema jumuiya ndogo ndogo yenu, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, wamebaki akina mama watatu na vijana hawaji. Kwanza angalia mkikutana mnafanya nini, maana kwetu ilikuwa rozari ya haraka halafu daftari la michango, nani anadaiwa nani hajatoa, sasa asiye na hela aje kuaibishwa? Tukamwachia mwekahazina amfuate mtu pembeni, sisi tukawa tunasoma injili ya Jumapili ijayo, kila mtu anataja neno lililomgusa, kisha tunauliza nani mgonjwa mtaani hata kama sio Mkatoliki na nani anaenda kumwona kesho. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) mwaka 1976 walitaka kanisa la majirani, sio tawi la kukusanya zaka. Vijana wabadilishieni muda, alfajiri ya Jumamosi hawaamki bwana.