Gome la mwashoki wa kwenye fensi

SWALI: Dokta shikamoo. Hedhi yangu inaenda hadi siku kumi na inatoka na mabonge. Jirani kaniambia Wahindi wanatibu hiyo shida kwa gome la ashoka, na mimi miashoki ninayo kwenye fensi. Nichemshe kiasi gani?

JIBU: Marahaba dada. Usichemshe hata kidogo. Hili swali halikauki kwangu, kila mtu anataka kipimo, wa kuuliza ni mti gani simuoni. Hiyo miti yako mirefu iliyoning'iniza majani mpaka chini kweli asili yake ni India kusini na Sri Lanka, ila ni ndugu wa mstafeli na mtopetope. Ashoka ya waganga wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya Kihindi, ni mti unaoitwa Saraca asoca, jamii ya kunde huko, unazaa maganda yenye mbegu, yaani hata ukoo hawachangii.

Chuma jani uone mwenyewe. La kwako ni moja, refu, kingo zina mawimbi. La Saraca lina vijani jozi jozi kwenye kikonyo kimoja. Maua ya wako ni vinyota vya kijani ambavyo labda hujawahi hata kuviona, ya Saraca ni ya rangi ya chungwa yanageuka mekundu, yanajazana mashada mpaka kwenye shina, na yananukia.

Wanaonikera hasa ni wanaouza unga wa gome la ashoka. Huko huko India gome la mti kama wako linachanganywa kwenye gome la Saraca na kuuzwa, maana Saraca wameubandua magome mpaka umekuwa adimu, sasa wewe unaletewa kipakiti hakina hata lebo, muuzaji anaapa ni orijino, kajuaje? Likishasagwa ni unga wa kahawia tu, mimi mwenyewe kwa macho siutambui mpaka uende maabara.

Na hata uupate wenyewe halisi, gome halikwambii damu inatoka kwa nini. Inaweza kuwa faibroidi (uvimbe wa kizazi), homoni, mimba inaharibika, kwa aliyekwenda umri hata saratani, halafu watu wanakunywa vikombe miezi na miezi wanakuja kwetu wameishiwa damu midomo myeupe. Kapime wingi wa damu, ujauzito, na ultrasaundi ya kizazi. Ukiona unabadilisha pedi kila saa au kizunguzungu kinakushika, nenda leo leo usisubiri Jumatatu. Na kama kuna unga ulishaanza kunywa beba na pakiti yake, usimfiche daktari.