Hendeli iko kwangu

Mwanangu,

Umeniuliza kama uiuze Peugeot 404 ya marehemu baba yenu, uongezee hela uchukue Hilux dabo kebini ya dizeli. Mambo ya bei waulize wenzako huko mjini. Mimi nitakwambia la Chalinze, maana nyie mmelisikia kwa mdomo wa baba yenu tu.

Jumapili moja mwaka 1980 tulikuwa tunatoka msibani Morogoro. Nyakati zile mafuta yalikuwa shida, gari la mtu binafsi likikutwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ni kesi. Chalinze tukasimama dada yako anyonye. Saa sita hiyo. Kuondoka, betri imekufa. Baba yenu akatoa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono mpaka iwake, akaichomeka pale mbele, huku anawasimulia vijana waliosogea jinsi dereva Shankland wa Dar alivyochukua mashindano ya magari ya Safari Rally 1966 na 1967 kwa 404. Maneno mengi, kidole gumba kakizungushia chuma. Injini ikarudisha teke. Kifundo chake cha mkono nilikisikia kikilia.

Nikampa mtoto. Nikashika hendeli, gumba nimelilaza pamoja na vidole vingine, nikavuta kutoka chini kwenda juu. Ya tatu likanguruma. Nikakaa kwenye usukani mimi, na gia yenyewe iko hukohuko kwenye usukani, leseni sina. Magomeni tuliingia saa nane kasoro dakika tano. Kesho yake, plasta mkononi, akawaambia majirani kaliendesha kwa mkono mmoja. Nami nikawapikia chai, nikanyamaza. Miaka arobaini na ushee nimenyamaza!

Gari lako ni lile unaloweza kuliwasha mwenyewe. Nimesema hivyo siku zote. Hilux ikiwasha taa ya njano pale mbele utampigia fundi aje na kompyuta yake, wewe usimame pembeni na simu. Kabureta ya 404 uliifungua ukiwa darasa la sita, barazani, juu ya gazeti, na ikarudi ilivyokuwa.

Ila nisikudanganye. Kiti cha nyuma hakikuwa na mkanda, nyie wote mmekua mnarushwarushwa humo nimewashika kwa mikono. Na mgongo wangu huu, kwenda kijijini mwezi wa nne na tope lile, pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne na kiyoyozi juu yake nitaikataaje? Nikiwafikiria wajukuu naona chukua. Halafu nakumbuka ile taa ya njano. Gari lako ni lile unaloweza kuliwasha mwenyewe, mwanangu, mimi sijui kusema vingine.

Haya, sitii neno, la kwako hilo. Ila ukiiuza, hendeli usimwahidi mnunuzi. Iko chini ya kitanda changu, nimeifunga khanga.

Mama yako