Nimeibwa au Nimeibiwa?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Mikindani, natembeza wageni, na jioni namsaidia mama kuuza pweza. Kihispania najifunza kwa simu. Juzi niliandika ubao: "Aquí se vende pulpos frescos por mi madre", nikidhani nimesema hapa pweza wabichi wanauzwa na mama yangu. Mhispania mmoja akausoma mara mbili, akatabasamu, akapiga picha ubao badala ya pweza. Nikataka kumweleza kwamba jana yake mtalii alinipa bahshishi, nikasema: "Fui dado una propina." Hapo akacheka kabisa. Kitabu kinasema kauli ya kutendwa ni "ser" (kuwa), kisha partisipio (umbo la kitenzi kama "dado", -liotolewa), kisha "por" (na) kwa mtendaji. Si ndivyo nilivyofanya? Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Usione haya, mimi nilichekwa Havana, Cuba, kabla hujazaliwa. Nilikuwa mwanafunzi, sijamaliza hata mwezi, nikaibiwa saa ndani ya basi. Nikamkimbilia mzee mlinzi wa bweni huku nalia: "¡Fui robada!" Mzee akanitazama kichwani hadi miguuni, akasema taratibu, "Binti, mbona uko hapa?"

Nilichelewa kuelewa. Nilidhani nimesema nimeibiwa, kumbe sikioni mwake nimesema nimeibwa, kama mbuzi. Kosa lako la bahshishi ni hilohilo langu la saa.

Sisi tuna utajiri ambao hatuuhesabu. Tuna kuibwa na kuibiwa, kuletwa na kuletewa, kupikwa na kupikiwa. Saa imeibwa, mimi nimeibiwa. Wali umepikwa, mgeni amepikiwa. Kihispania kina ile ya kwanza tu. Kinachoweza kukaa mbele ya "ser" ni kitu chenyewe kilichoibwa, kilichotolewa, kilicholetwa. Aliyepewa au aliyeletewa hana kiti pale. Kwa hiyo ukisema "fui dado" umejigeuza bahshishi: wewe ndiye uliyetolewa, ukatiwa mfukoni mwa mtu.

Basi wenyewe husemaje? Husema "walinipa", bila kujali hao "wa-" ni nani. "Me dieron una propina." Hata kama aliyetoa ni mmoja na unamjua kwa sura, ukitaka kumwacha pembeni utatumia wingi. "Me robaron el reloj", nimeibiwa saa. "Me trajeron pescado", nimeletewa samaki. Jizoeze hivi: kila ulimi ukikupeleka kwenye -iwa au -ewa ya mtu, simama, geuza iwe "wali-ni". Mimi ilinichukua miezi mitatu, na bado nikichoka huteleza.

Kuna nyingine ngumu zaidi. Sisi tunanyeshewa, tunafiwa, tunajiwa na wageni usiku. Kwa Mhispania, kufa na kunyesha haviingii katika kutendwa hata kidogo. Nimefiwa na babu ni "se me murió el abuelo", babu amenifia. Nimenyeshewa, Wakuba waliniambia niseme "me cogió el aguacero", mvua imenikamata. (Ukimpata mgeni wa Mexico, kitenzi hicho "coger" kiache nyumbani. Usiniulize kwa nini, mimi ni bibi yako.)

Sasa ubao. Hiyo "se" umeipatia vizuri, ndiyo wanayoiandika kwenye milango na magazeti: "se vende", inauzwa, "se alquila", inapangishwa. Lakini ina masharti mawili. Kitu kikiwa wingi, kitenzi nacho kiwe wingi: "se vende pulpo", ila "se venden pulpos". Pili, "se" huja kumficha mtendaji. Ukishamfunika mama kwa "se", usimfunulie tena mlango wa nyuma kwa "por mi madre". Hapo ndipo yule bwana alipotabasamu. Andika "Se vende pulpo fresco", basi. Au kama unataka mama aonekane, na mimi ningetaka, maana najua kazi ya kutembea mwambani wakati wa bamvua na mti mkononi, mpe kiti chake mwenyewe: "Mi madre vende pulpo fresco." Hakuna kutendwa hapo, na ndiyo sentensi nzuri kuliko zote tatu.

Utauliza, kwani hiyo "ser" ya kitabuni haina kazi? Inayo, ila ni nguo ya sherehe. Utaikuta kwenye historia, mahakamani, kwenye habari za gazeti. Sokoni haivaliwi. Wewe unayetembeza wageni utaihitaji siku ukiwapeleka Lindi ukawasimulia Tendaguru, kilima palipochimbwa mifupa ya dinosaria: "Los huesos fueron desenterrados entre 1909 y 1913", mifupa ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913. "Fueron llevados a Berlín", ikapelekwa Berlin, ambako yule mnyama mwenye shingo ndefu amesimamishwa ndani ya jumba la makumbusho, urefu wa zaidi ya mita 13.

Angalia mkia wa neno. Sisi upatanisho tunauweka mbele: mifupa i-, mizigo i-, masanduku ya-. Wao wanauweka mbele kidogo na nyuma sana. "Hueso" ni la kiume, kwa hiyo "los huesos fueron llevados". "Carga", mzigo, ni la kike, kwa hiyo "las cargas fueron llevadas". Ukisema "las cargas fueron llevados" ni sawa na kusema mizigo zilipelekwa.

Na hapa "por" itumie kwa nguvu zote. Wageni wengi wameshasikia kwamba mifupa "ilipelekwa", ikaishia hapo, kana kwamba ilijitembeza. Waambie: "Fueron llevados a pie hasta Lindi por porteadores de aquí." Ilibebwa kwa miguu hadi Lindi na wapagazi wa hapahapa. Usiifunike hiyo kwa "se".

SWALI: Bibi, naandika kutoka Nachingwea. Duka limefungwa ni "está cerrada" au "fue cerrada"?

JIBU: Ukifika ukakuta kufuli, ni "la tienda está cerrada", hali iliyopo. "La tienda fue cerrada" ni tukio: lilifungwa, pengine na watu wa kodi. Sisi tunatenganisha kwa -me- na -li-, wao kwa "estar" na "ser". Na chupa iliyovunjika ni "está rota", si "rompida", mwanangu. Partisipio hiyo ni kaidi, ikariri pamoja na ndugu zake: abierto, escrito, hecho, puesto, visto.