Risasi zinapanda na kushuka tangu ufunge darubini? Usikimbilie kifungio

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini bunduki yako ya upepo ya kukunja mtutu imeanza kutawanya matundu juu na chini kwenye mita 25 tangu uifunge darubini. Pili, kama dawa ni kuweka springi ngumu zaidi kwenye kifungio (kile kinachounasa mtutu ukiufunga), au kuiuza ununue bunduki ya HW35 yenye komeo la kidole gumba. Nimezifungua sana hizi bunduki huku England, zangu na za wenzangu wa klabu, na kwa maelezo yako naona hela yako ibaki mfukoni kwanza.

Anza na hilo la darubini, maana ndilo linaloeleza mengi. Kwenye bunduki nyingi za aina hii saiti zote mbili za chuma, ya mbele na ya nyuma, zimekaa kwenye mtutu wenyewe. Mtutu ukifunga vibaya kidogo saiti zinakwenda nao, nawe unalenga upya bila kujua. Darubini imekaa juu ya silinda, lile bomba ambamo pistoni inakimbia, haina habari mtutu umekaa wapi safari hii. Piga hesabu: mtutu wa sm 45 ukishuka mdomoni kwa mm 0.1 tu, kwenye mita 25 risasi inashuka karibu mm 5.5. Kwa hiyo kaza vifungo vya darubini (wengi wetu tatizo linaishia hapo), upige. Kisha toa darubini, upige kwa saiti za chuma. Zikikupa matundu yaliyokaribiana na darubini ikaendelea kutawanya, na darubini yenyewe ni nzima, basi kiungo cha mtutu kina neno.

Sasa kifungio chenyewe. Kwa kawaida ndani ya sehemu ya nyuma ya mtutu, pale unapokunjika, kuna kabari au gololi inayosukumwa na springi, na ukifunga inanasa kwenye uma wa silinda. Bunduki ya HW80 ina kabari, ya Diana 34 ina gololi. Mimi ni mtu wa kabari, kwa sababu ikilika kidogo springi inaisogeza mbele na mteremko wake unaendelea kubana. Ila nimeshapigwa kwenye mashindano ya klabu na watu wa gololi, kwa hiyo sigombani na mtu.

Kinachosahaulika ni kwamba mhimili wa mtutu, pale unapozungukia ukikunjwa, uko chini ya tundu la risasi. Pistoni inapokimbia mbele, hewa inausukuma mtutu kwa juu ya mhimili, na hapo mtutu unataka kufunguka. Kabari inauzuia, na inaurudisha palepale kila unapofunga. Lakini mchezo wa mtutu, yaani kulegea kwake kulia na kushoto, hauihusu. Hiyo ni kazi ya boliti ya mhimili na washa zake mbili nyembamba. Ukiweka springi ngumu kama ya kitanda, boliti iliyolegea itabaki imelegea.

Pima hivi. Bunduki isiwe imekokiwa wala isiwe na risasi. Fungua mtutu kidogo tu mpaka kifungio kiachie, shika silinda kwa mkono mmoja, tikisa mtutu pembeni. Ukisikia mchezo hata kidogo, kaza boliti taratibu mpaka uishe, mtutu ukiwa bado unakunjika bila kukwaruza, halafu funga nati au skrubu yake ya kuzuia. Wapo wanaopima bunduki ikiwa imekokiwa na kuuachia mtutu waone kama utasimama. Sikushauri. Triga ikiteleza, mtutu unarudi na nguvu yote ya springi kuu inayosukuma pistoni, na vidole viko njiani. Kama bunduki yako ina pini tupu badala ya boliti, hakuna cha kukaza, itabidi ubadilishe washa.

Boliti ikiwa sawa, hamia kwenye sili ya nyuma ya mtutu, ile oringi au mpira unaozuia hewa. Mzee mmoja wa klabu alileta bunduki yenye ugonjwa kama wako, matundu yamejipanga wima kama vifungo vya shati. Nilipoifungua nikaiangalia kabari kwenye mwanga: alama inayong'aa ilikuwa kwenye ncha tu, mteremko wote ukiwa na rangi yake ya kiwandani. Maana yake haikuwa inaingia hadi mwisho. Fundi aliyemhudumia alikuwa ameweka oringi nene, ikawa inausukuma mtutu kabla haujafunga kabisa. Tuliweka ya unene sahihi, mstari ukavunjika siku hiyohiyo, springi ya kabari hatukuigusa. Sili ikiwa fupi mno nayo inavuja. Laza kipande cha karatasi ya chooni juu ya kiungo, weka risasi, piga kwenye shabaha salama. Karatasi ikiruka, hewa inatokea hapo.

Springi ngumu ina ubaya mwingine. Itaibana hiyo oringi nene kwa nguvu, utadhani umepona, na kila ukitaka kufungua utakuwa unaupiga mtutu kibao mdomoni.

HW35 ni bunduki nzuri, imekuwepo tangu miaka ya 1950. Raha ya komeo lake ni kwamba unalisukuma kwa kidole na mtutu unafunguka bila vibao. Walther LGV nayo ina komeo lake. Lakini mtutu wa HW35 unazunguka kwenye boliti kama wa kwako, na ukiinunua ya mkono wa pili vipimo ni hivihivi.

Fanya boliti leo, sili kesho, kisha weka hapa picha ya kabari na ya karatasi mbili za shabaha, ya saiti na ya darubini.