Kwa mnaoanza kusoma uthabiti wa nyuso: shikeni sharti la ujazo

Wadogo zangu mnaoanza uzamili wa hisabati pale Mlimani na mmechagua jiometri, mada ya nyuso zenye mpindo wa wastani usiobadilika ni tamu kweli. Ila kuna sharti moja ambalo wengi hulisoma na kulipita, nalo ndilo linalobeba kila kitu.

Ukiusukuma uso wa namna hii kidogo huku ujazo uliofungwa ndani ukibaki uleule, eneo lake halibadiliki katika daraja la kwanza. Uthabiti ni swali la daraja la pili: je, eneo linaweza kupungua? Fanksheni f inasema kila nukta imesogea kiasi gani kuelekea normali. Ili ujazo usibadilike, intigrali ya f iwe sifuri. Kisha kokotoeni intigrali ya |∇f|² − |A|²f², ambapo |A|² ni jumla ya miraba ya mipindo mikuu ya uso. Isiposhuka chini ya sifuri kwa f yoyote ya aina hiyo, uso ni thabiti.

Sasa shikeni kalamu. Tufe la vipimo n lenye nusu kipenyo r lina |A|² = n/r². Wekeni f = 1, jibu ni hasi, na hapo wengi hutangaza kwamba tufe si thabiti. La hasha! f = 1 inalivimbisha tufe, ujazo umebadilika, hairuhusiwi. Kwa f zenye wastani sifuri, thamani-eigeni ndogo kabisa ya Laplasi ni n/r² ileile, kwa hiyo jibu ni sifuri au chanya. Linapokuwa sifuri, tufe limehama tu.

Fanyeni na silinda iliyoshikwa ncha zote mbili, urefu L, kwa f = sin(2πz/L). L ikizidi 2πr, jibu ni hasi. Fungueni bomba kidogo sana mtazame uzi wa maji ukikatika kuwa matone. Chanzo ni kilekile.

Baada ya hapo ndipo msome Barbosa na do Carmo (1984): uso kompakti usio na mpaka, ulio thabiti katika nafasi ya Euclid, ni tufe, hata kama uliruhusiwa kujikata. Ruhusa hiyo si ndogo, maana Wente (1986) alionyesha torasi inayojikata yenye mpindo wa wastani usiobadilika. Uthibitisho unatumia f = 1 + H⟨x,N⟩ (H ni mpindo wa wastani, x ni vekta ya mahali, N ni normali ya urefu mmoja), ambayo fomula ya Minkowski inaipa wastani sifuri. Msinakili, kokotoeni wenyewe mpaka mfike −∫(|A|² − nH²). Kwangu mimi, hakuna mstari mzuri kuuzidi katika mada nzima.

Mkitoka nje ya Euclid, |A|² inaongezewa Ric(N,N), yaani mpindo wa Ricci wa nafasi yenyewe kuelekea N. Anzeni na tufe la nusu kipenyo ρ katika nafasi ya haipaboli: |A|² = n coth²ρ, Ric(N,N) = −n, jumla n/sinh²ρ. Linganisheni na thamani-eigeni ya kwanza ya tufe hilo.