Baba mdogo aliuza mpunga wake nikaenda kusoma Ujerumani: jibu langu kwa anayeuliza amtumie shilingi ngapi

Mdogo wangu, umeuliza umtumie kiasi gani rafiki wa familia aliyekusaidia kwenda kusoma nje, maana umeshapata kazi na hutaki kuonekana mtovu wa fadhila. Umesema pia una miezi minne hujampigia, unasubiri upate hela ya maana kwanza. Hapo ndipo uliponigusa. Mimi niliwahi kuwa huyo mtovu wa fadhila, na tatizo halikuwa hela.

Nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. Mwaka 2019 nikapata nafasi ya shahada ya uzamili TU Dresden, chuo kikuu cha serikali Ujerumani. Kwamba vyuo vingi vya serikali Ujerumani havitozi ada, wengi wanajua. Kinachowakwamisha ni Sperrkonto, ile akaunti unayoweka hela ya kujikimu ya mwaka mzima kabla ya kupewa viza, halafu ukifika unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Tulipoanza kujipanga kiwango kilikuwa yuro 8,640, kama milioni 22 kwa hela yetu wakati ule. Mama aliuza kiwanja alichoacha marehemu baba, kaka akakopa saccos ya kazini kwake, tukafika. Mwaka huohuo kiwango kikapandishwa hadi 10,236. Tukapungukiwa yuro 1,596, zaidi ya milioni nne, na masomo yanaanza Oktoba.

Huyu ninayemwita baba mdogo hatuna naye damu. Yeye na baba walilala chumba kimoja chuo cha ualimu. Baba akabaki na chaki, mwenzake akaacha kazi akaenda Ifakara kufanya biashara ya mpunga. Mama hata hakumwomba. Alimpigia kumwambia tu kwamba safari imekwama, asiendelee kuwatangazia watu. Baba mdogo akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo hela wanaila wao, au inarudi kwa mtoto?" Nikaichukua simu nikamweleza kwamba inarudi, yuro 853 kila mwezi, ndiyo pango na chakula changu. Akasema, "Basi haijapotea."

Alikuwa na magunia 60 ghalani. Anayelijua bonde la Kilombero anajua maana yake. Wakati wa mavuno na miezi michache baada yake bei iko chini, na mwenye uwezo wa kusubiri huweka mpaka Desemba au Januari, ghala za watu zikishakauka. Mpunga ule ulikuwa wa kuezekea nyumba yake, kuta zilikuwa zimeshafika kwenye lenta. Aliuuza Agosti. Siku ya kuondoka alikuja mwenyewe mpaka Dar, akanipitisha Karume kuninunulia koti zito la mtumba. Nililivaa majira yote ya baridi.

Februari 2020 nikafanya mitihani, nikafeli miwili. Kule alama bora ni 1.0, kufaulu mwisho 4.0, na 5.0 umeanguka. Nilipata 5.0 mbili. Nikaona nimekula bati za mtu bure. Baba mdogo akipiga, naiacha simu iite. Nikajiambia nitampigia nikishafaulu, kama wewe unavyosema utampigia ukishapata hela. Machi corona ikaingia, madarasa yakafungwa, na huku nyumbani redio inatangaza watu wanavyokufa Ulaya. Mama nilimwandikia ujumbe mfupi kwamba niko salama. Baba mdogo sikumwandikia chochote.

Akapanda basi kutoka Ifakara mpaka Morogoro kwa mama. Hakwenda kudai. Alikwenda kuuliza kama kuna neno alilonikosea. Mama aliponisimulia alikuwa analia, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Nilimpigia usiku uleule.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia kwamba nimefeli. Akauliza kama mtihani unarudiwa. Nikasema unarudiwa. "Basi rudia. Mafuriko yakibeba miche, si tunapanda tena?"

Tangu hapo kila Jumapili tuliongea, hata kama sina jipya. Niligundua anachotaka ni kuijua safari aliyoilipia. Nilimpigia picha za mto Elbe, nikamweleza jinsi mafuriko ya Agosti 2002 yalivyofika mita 9.40 pale Dresden na kuingia katikati ya mji. Yeye ameishi na maji ya Kilombero miaka yote, alikuwa na maswali kuliko baadhi ya wanafunzi wenzangu: tuta wanalijenga kwa udongo gani, nani anawaonya wa bondeni, wanalipwaje waliopoteza mali. Nilipomwambia nimepata 1.7 sikuhitaji kumfafanulia. Akasema, "Kama divisheni wani, namba ndogo ndiyo yenye heshima."

Sasa kuhusu hela. Nilipoanza vibarua nikaweka akiba, nikamtumia milioni moja kama sehemu ya kurudisha. Akakasirika. "Nilikukopesha lini?" Mama ndiye aliyenifungua macho. Ukimrudishia alichotoa kwa hesabu ileile, umemgeuza duka. Nikamwomba radhi, nikamtafuta fundi wake kimyakimya, nikapata vipimo vya paa. Nikanunua bati na mbao, zikashushwa kwake. Alizipokea. Kwa hiyo ukiniuliza kiasi, nitakuuliza huyo mzee wako aliahirisha nini ili wewe uende. Kama hujui, muulize mkewe au watoto wake.

Mwaka 2022 nilirudi na nakala ya tasnifu yangu nikaipeleka Ifakara kwanza. Kiingereza hakimpandi siku hizi, kimeshapotea. Aliniomba nimwonyeshe ukurasa wenye jina lake, akaweka kidole juu yake, akakaa hivyo muda mrefu huku wateja wanasubiri kupimiwa.

Hiyo hela ya maana usiisubiri. Leo Jumapili, na jioni wazee wengi wako nyumbani. Mpigie, na akikuuliza ulikuwa wapi miezi minne, mwambie ukweli.